Msumari Mmoja, Nguo Mbili

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Mikindani.
Maharagwe yameiva, nimeyafunika.
Viatu vinang'aa, mitungi imejaa hadi shingoni,
na nguo mbili zimepigwa pasi:
ya kitenge, ya kanisani, yenye maua madogo,
na ile nyeupe yenye saa ya kifuani.
Nimezitundika msumari mmoja
kwa kuwa chumba hiki kina msumari mmoja,
na sijui kesho itaniita kwa ipi.

Adhana ya magharibi ikipanda
ndipo ninapozima jiko.
Mwanajuma hunicheka:
"Nyanchama, mwadhini wetu ndiye kengele yenu!"
Kweli. Jua likizama halimuulizi mtu dini,
linatufungulia siku sote wawili.

Miaka mitatu tumebadilishana zamu.
Yeye hunishikia Jumamosi,
mimi humshikia Ijumaa adhuhuri, na Idi zote mbili,
na kumi la mwisho la Ramadhani, usiku kucha.
Hatukuandikiana. Daftari letu ulimi.
Na Sista Mghoi, mwenye rota na kalamu nyekundu,
hujifanya haoni.

Wiki hii kalamu imeona.
Jina la Mwanajuma limepigwa mstari:
yuko upande wa pili wa pazia, kitanda cha saba,
mimba ya miezi minane, nyayo zimefura kama andazi,
presha imepanda na haitaki kushuka.
Nani atamshika anayenishikia?

Nikaivaa nyeupe.

Mzee Nyakundi hutufundisha: kazi ya rehema ni halali.
Hajawahi kuingia wodi ya wazazi.
Namgeuza mgonjwa, hiyo ni rehema.
Nachoma sindano ya kuzuia kifafa, rehema.
Nahesabu glavu zilizobaki kabatini, je?
Najaza fomu ya bima, nakala tatu?
Nagombana na mtu wa maabara
aliyepoteza damu ya mtu?
Rehema inaishia mlango gani, Bwana,
na kibarua kinaanzia wapi?
Mshahara wa siku hii nautia kwenye bahasha
nimlipie mama wa kitanda cha pili, asiye na nauli.
Mpaka leo sijajua
hiyo bahasha ni sadaka au ni faini.

Saa tatu unusu. Kanisani wamefungua somo,
kiti changu kina mkoba wa mtu mwingine.
Hapa nagonga goti la Mwanajuma kwa kinyundo kidogo,
mguu unaruka. Vizuri. Naandika.
Baada ya saa nzima nagonga tena.
Mguu unaruka. Naandika.
Katikati ya goti na goti nilijaribu kuomba,
neno la kwanza likaja, la pili likaitwa kitanda cha nne.

Sitadanganya kwamba nilimwona Mungu wodini.
Niliona mkojo kwenye mfuko, mililita thelathini,
nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Adhuhuri alifumbua macho, midomo mikavu.
"Nimekuharibia siku yako," akasema.
"Nyamaza, presha."
"Nitakulipa."
"Mwanajuma, nyamaza, presha!"
Akatabasamu kwa upande mmoja,
akashika ncha ya aproni yangu akalala nayo,
nami nikasimama hapo, mgongo unaniuma,
dakika nne nzima bila kufanya kazi yoyote.
Labda hizo ndizo zilizokuwa zangu.
Labda.

Jioni adhana ikapanda tena, ikaifunga siku.
Mapigo ya mtoto mia na arobaini.
Yake yeye, tutajua kesho.
Sista Mghoi aliifuta rota ya wiki nzima
akaniuliza, bila kuinua uso, "Jumamosi ijayo je?"
Nikamwambia aache wazi.

Nyumbani kitenge kiko msumarini,
mikunjo ya pasi iko vilevile, haijaguswa na mtu.
Nikainua kifuniko cha sufuria.
Joto la Mombasa halijui maandalizi:
maharagwe yameanza kuchacha.
Nimeyachemsha tena, nikaongeza chumvi,
nimeyala.